Daktari Amelala Kitandani Kwangu

Jumatatu, 14 Julai

Nimeficha jambo na sitaki kufa nalo: maumivu ya kifua ya Ijumaa niliyatunga. Ya Jumamosi pia. Ya jana yalianza kwa kuigiza, kisha nikayazoea.

Ugonjwa wenyewe ni wa kweli. Moyo umepanuka, miguu imevimba, Padre ameshanipaka mafuta ya wagonjwa mara mbili. Mimi Edmund, mkaguzi wa shule mstaafu na mkulima wa kahawa wa Maguu, nimeteremshwa hospitali hii ya ziwani kwa sababu baridi ya mlimani inaninyima pumzi. Sitapanda tena. Hilo nalijua.

Nilitunga kwa ajili ya Daktari Praygod. Kijana wa Machame, yuko katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo. Halali. Au tuseme hulala popote asipotakiwa kulala. Alhamisi alilala amesimama, paji la uso ukutani, huku Stephano wa kitanda cha pili akimweleza habari za ngiri yake. Stephano hakugundua. Aliieleza hadi mwisho. Siku iliyofuata alilala akiandika kwenye faili langu. Kalamu ikateremka kutoka kwenye jina langu hadi chini ya ukurasa, kama njia ya kutoka Mbinga kuja ziwani. Mama yake akipiga simu, humwambia analala vizuri sana.

Nikagundua kanuni ya wodi. Mwenye maumivu ya kifua haachwi peke yake. Daktari huketi kando yake, pazia likavutwa, na hakuna anayethubutu kuingia. Hata Sista Kunigunda, mkuu wa wodi, ambaye huthubutu yote. Basi baada ya chakula cha mchana nashika kifua. Daktari anaketi. Anashika mkono wangu kuhesabu mapigo. Kabla hajamaliza, amelala. Anakoroma kama lori la kahawa linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Mimi namlinda. Nasinzia nami, kidogo. Leo niliota nakagua shule iliyo chini ya ziwa. Wanafunzi wote ni samaki, mbasa watupu, sare zimenyooshwa. Wote walijua kugawanya.

Jumanne, 15 Julai

Stephano amenishtukia. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, amezoea kutazama mizani za watu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu anayekufa hamalizi ugali wake kwanza ndipo ashike kifua. Anataka daktari akalale na kwake, walau kwa zamu. Nilimweleza kwamba kitanda chake kiko mlangoni, kila mpitaji humwamkia daktari, na salamu haiachwi bila kujibiwa, kijana atalalaje? Akaniita mchoyo.

Saa nane tukashikwa kifua wote wawili kwa pamoja. Aibu tupu. Yeye alishika upande wa kulia.

Daktari alihangaika katikati ya vitanda viwili, macho mekundu kama ya mvuvi wa dagaa. Hakulala hata kidogo. Jioni akamwandikia Stephano dawa yangu. Sista aliiona kabla haijamezwa. Akamwita daktari pembeni. Nilisikia kila neno: kosa jingine la namna hiyo, na yeye hatamtilia saini ya kumaliza mafunzo, arudi kwao Machame akamweleze mama yake. Alisema polepole. Sista akisema polepole ni vibaya zaidi.

Niliumia sana rohoni. Kisha nikapata wazo.

Jumatano, 16 Julai

Wazo: kiti si mahali pa kulala mtu. Daktari alale kitandani kwangu, nimfunike shuka hadi juu ya kichwa, anayechungulia adhani ni mimi. Mimi nikae kitini, ndani ya pazia. Stephano awe mlinzi. Sista akija, akohoe. Ujira wake ni yai langu la asubuhi. Alilitaka kwanza. Akalila palepale.

Daktari alikataa. "Mwalimu, wakinikuta humo nimekwisha," alisema. Nikamkumbusha kwamba nimekagua walimu wakuu wenye mvi na wakatetemeka. Nikamwamuru alale. Akalala kabla hajavua kiatu cha pili.

Alasiri nzuri kuliko zote. Upepo ulikuwa umetulia. Ziwa jeupe, milima ya ng'ambo imefifia kama imechorwa na mtoto mwenye usingizi. Mkoromo ukapanda, ukashuka. Niliota maua ya kahawa yanadondoka majini, mamia kwa mamia, na kila moja likizama linatoa sauti ya lori. Marehemu mke wangu Valeria alikuwa anayaokota kwa ungo. Aliniambia nisogee, nimekanyaga mengine.

Niliamka ghafla. Mkoromo ulikuwa umekoma. Nikainama juu ya shuka nikisikiliza, jasho likinitoka. Anapumua. Usingizi ulikuwa umefika chini kabisa, mahali pasipo na sauti. Nikatulia. Nikaenda msalani, maana vidonge vyangu ni vya kutoa maji na havisubiri mipango ya mtu.

Ndipo wakafika akina mama wa jumuiya yetu ya Maguu, wakiongozwa na shemeji yangu Agripina. Walikuwa wamepata habari Jumapili kwamba nimeshikwa kifua. Wakakuta pazia limevutwa. Wakakuta mtu amefunikwa hadi juu ya kichwa, kimya. Wakamgeukia Stephano wapate kuuliza. Mlinzi wangu alikuwa amelala fofofo. Na yai langu tumboni.

Nikiwa koridoni nikasikia wimbo wa maziko. Ni ule niupendao. Sikujua wa nani, ila wodini kwetu hilo si jambo la kushangaza. Kwaya haikuwa na besi. Nikafika mlangoni, nikaingiza besi, kama nilivyofanya katika misiba yote ya Maguu. Ikapendeza sana. Ubeti wa pili Agripina akageuka amwone mwanamume mwema anayewasaidia.

Wakati huohuo marehemu akaketi, shuka kichwani, akasema kwa upole, "Vuta pumzi ndani, mzee. Tena."

Wengine walitoka kwa mlango, wengine kwa dirisha. Kitenge kimoja bado kimening'inia kwenye komeo la dirisha.

Alhamisi, 17 Julai

Agripina alikuwa ameshapiga simu nyumbani kabla ya ubeti wa kwanza. Wakachimba. Wakachinja nguruwe. Habari kwamba niko hai ikafika wameshamaliza. Na kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, lazima lifukiwe na kitu ndani yake. Wamezika mgomba kwa niaba yangu. Mdogo wangu Methodi ananiambia ulikuwa mgomba mnyoofu, wenye urefu wangu. Watu walikuwa wamekusanyika na hotuba ilikuwa tayari, hivyo aliisoma. Nikamuuliza alisema nini juu yangu.

Alisema nilikuwa mtu mkweli.

Sista Kunigunda hakugomba. Alimtazama daktari aliyesimama mbele yake na kiatu kimoja, akamuuliza mara ya mwisho alilala lini kitandani kwake mwenyewe. Daktari alifikiri. Alifikiri sana. Akalala. Sista akamshika mkono kama mtoto, akampeleka nyumba ya wageni ya masista kule bustanini, akamnyang'anya simu, akamwomba daktari mkuu ashike zamu zake. Kuhusu saini alisema ataona.

Kisha akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Mwalimu, moyo wako hauna nguvu ya kuigiza," alisema. "Na siku utakaposhikwa kweli, nitakuja taratibu nikidhani ni mchezo. Ndivyo unavyotaka?"

Nikasema hapana, Sista. Nikaapa kwa rozari yake. Niliapa kwa dhati kabisa.

Ijumaa, 18 Julai

Habari za bustanini: daktari bado amelala. Mpishi alichungulia. Amelala chali, mdomo wazi, anakoroma hadi njiwa wamehama paa. Sista amekwenda mwenyewe kumtazama, akarudi akasema kijana ameanza kupata rangi ya binadamu. Akiamka atamtilia saini. Kwa hiyo mpango wangu umefaulu kuliko nilivyoupanga. Napaswa kufurahi. Nimefurahi.

Padre alipita kuungamisha. Nikamweleza yote, maumivu ya uongo, yai, hata besi. Alicheka hadi stola ikamdondoka shingoni. Akaniuliza kama limebaki lolote. Nikasema hapana.

Saa nane pakawa kimya. Stephano ameruhusiwa, ameondoka na ngiri yake. Kiti ni kitupu. Nikafumba macho. Nikayafumbua. Nikafumba tena, nikaona mgomba umelala chini ya kahawa zangu, mnyoofu, umenyamaza. Nikayafumbua. Ziwa linapumua huko nje, linavuta na kutoa, lakini liko mbali na halinijui.

Nimechungulia dirishani. Bustani si mbali. Mtu akishika kifua vizuri, upande wa kushoto, na akaita kwa sauti ya kutosha, mlango wa mbao wa nyumba ya wageni hauwezi kuizuia. Ugali wa leo nimeuacha nusu, maana Stephano alisema kweli, anayekufa hamalizi.

Nakiri basi, kabla sijaita: tangu Pasaka naogopa kufumba macho nikiwa peke yangu, na silali mpaka nisikie mtu mwingine anakoroma.