Baba wa Maksai Asiye Wake

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar.

Ushirika wa wafugaji wa Kakuma unatafuta mtu wa kuwaundia programu ya kutuma bei za mnada wa mifugo kwenye simu za wanachama. Watamchagua Ijumaa. Mtu huyo ni mimi. Limebaki jambo dogo tu: wao kulifahamu hilo.

Mjomba Nangiro hakubaliani. Amesema nikiikosa kazi hiyo, Jumatatu ijayo anikute Kalokol kwenye ghala lake la samaki wakavu, nikipima magunia. Shahada ya sayansi ya kompyuta, kupima magunia! Nikamweleza kwa utulivu kwamba kinachowaangusha waunda programu si uhaba wa ujuzi, ni kutojulikana. Akauliza kama hiyo programu yenyewe nimeshaiandika. Swali la mtu asiyesoma! Kwanza jina, kisha bidhaa. Vitabu vyangu vyote vya kujitangaza vimeafikiana juu ya hilo, isipokuwa kimoja, nacho sikukimaliza.

Jumanne, 4 Machi. Lodwar.

Nimeshinda nikiandika wasifu wangu wa mtandaoni. "Mbunifu wa masuluhisho." Nimefuta, wamejaa. "Mwanamapinduzi wa takwimu." Nimefuta, polisi nao husoma.

Jioni, nuru! Kwetu Waturkana, mwanamume huchukua jina kwa maksai wake ampendaye. Mwenye maksai mwekundu huitwa Apaloreng, Baba wa Mwekundu. Humpinda pembe, humvisha kengele, humtungia wimbo. Hivi huku si kujinadi ni nini? Mababu zetu waliimaliza taaluma hii kabla vitabu vyangu havijachapishwa! Mfugaji akiona jina kama hilo ataniamini papo hapo.

Kasoro ni moja. Sina maksai. Marehemu baba alikuwa karani. Tulifuga kuku, nao walituhama.

Jumatano, 5 Machi. Kakuma.

Nimefika kwa lori la mahindi. Sikupita ofisi ya ushirika. Mtaalamu haonekani mapema. Nikateremka moja kwa moja hadi laga ya Tarach, mto wa msimu wanakonyweshea mifugo.

Nikamwona! Kijivu kama wingu lenye mvua. Pembe moja mbele, moja nyuma. Kengele shingoni. Mchungaji wake, mtu mzima mwenye jino la dhahabu, akaniuliza kama ninamfahamu ng'ombe huyu. Nikajibu kwamba ninamfahamu moyoni. Nikampa tumbaku, nikamkumbatia maksai shingoni, naye akanipiga picha kwa simu yangu. Alicheka hadi tumbaku ikamwagika. Watu wa huku wana ukarimu wa ajabu.

Kuanzia leo: Apalopus, Baba wa Kijivu.

Alhamisi, 6 Machi. Kakuma.

Nimekutana na mshindani wangu. Anaitwa Achai, binti wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha simu na kompyuta katika kambi ya wakimbizi, na mdomo wake hauna breki. Hana wasifu, hana kadi, hana hata picha moja akiwa anatazama mbali. Nikamshauri bure. Akaniambia nimwonyeshe programu yangu. Nikamwonyesha bango langu lenye picha yangu na maksai, lililokuwa limetoka kuchapishwa kibanda cha jirani.

Akaweka kidole kwenye pembe za maksai. "Aukot, hiyo ng'ombe ni yako?"

Nikamjibu kwamba dhana ya umiliki imewashinda wanafalsafa tangu Uyunani. Akasema hata kwao Wadinka watu huimba ng'ombe, na mtu akiimba ya mwenzake anakula fimbo hadi anasahau jina ya mama yake. Wivu wa kibiashara! Vitabu vilinionya.

Nilikusudia kuianza programu mchana, lakini herufi za bango hazikuwa zimelingana. Limerudiwa.

Ijumaa, 7 Machi. Kakuma.

Ninaandika kwa shida.

Nilianza vizuri. Wazee walikaa kwenye vigoda vyao, nikawasalimu ejok, wakaitikia ejok. Nikalikunjua bango. Wakatazamana. Nikalihesabu jambo hilo kuwa heshima.

Mwenyekiti, Mzee Emuria, akalisogelea akiinama kama anayemkagua mbuzi wa mnadani. Akauliza jina langu. Nikasema kwa sauti ya kifua: Apalopus! Akasema vizuri, sasa niimbe.

Hakuna kitabu kilichotaja kuimba. Apalopus wa kweli, akasema, ana wimbo ya ng'ombe yake. Nikafumba macho nikaimba kilichokuwa karibu ulimini: masuluhisho ya leo kwa changamoto za kesho. Mzee mmoja alianguka kutoka kigodani.

Hapo Mzee Emuria akainua mikono, mmoja mbele, mmoja nyuma, akaanza kuimba. Wazee wote wakaitikia. Waliujua wimbo ule kila neno. Nikaitazama mikono yake. Nikalitazama bango. Ee Mungu wangu, pembe zile zile!

Alipomaliza hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Kijana yangu, jina yangu umebeba, ng'ombe yangu umekumbatia. Sasa bibi yangu nimfiche?" Mlangoni, jino la dhahabu liling'aa.

Kisha wakaniuliza programu iko wapi. Nikasema iko njiani. Achai, aliyeketi pembeni, hakusimama hata kidogo; alibonyeza simu yake, na simu za wazee zikalia moja baada ya nyingine mifukoni: bei za mbuzi za mnada wa wiki hii. Kazi ikawa yake.

Jumamosi, 8 Machi. Kakuma.

Achai amekuja kunitafuta. Amesema maneno ninayajua, niandike ujumbe za programu kwa Kiswahili yangu ile ngumu, tena ushirika utanilipa kila mwezi. Nilikuwa nimemtajia ghala la mjomba; akasema hakuna haja ya kwenda kunuka samaki. Nikauliza jina la nani litatangulia. Akashangaa. "Jina gani? Ni bei ya mbuzi tu!"

Mtu asiye na maono. Nimekataa kwa adabu, kwa hoja tatu. Aliondoka kwenye ya kwanza.

Jumatatu, 10 Machi. Kalokol.

Ghala la mjomba. Nimetafakari njia nzima, na kosa nimelibaini: si programu, si wimbo. Ni kwamba ng'ombe wana wenyewe. Samaki wa ziwani hana pembe, hana kengele, hana mzee wa kumwimbia!

Leo wavuvi wameleta mbuta mkubwa kunishinda kifua. Nikamwomba mjomba anipige picha ufukoni. Akaniambia nipakie magunia, lori la Lodwar linangoja. Nikamwomba dereva anipige. Akakubali, kisha akachoka. Nikamwomba mvuvi. Tulirudia hadi jua lilipokaa sawasawa nyuma ya bega langu. Tulipogeuka, lori lilikuwa limekwisha kuondoka tupu.

Mjomba amesema maneno ambayo shajara hii haitayahifadhi. Haoni mbali. Lori litarudi kesho. Mwanga kama ule haurudi.

Baba wa Mbuta. Nikishajulikana, nitaandika programu.