Ndege Yenye Mlango

Jumapili, 7 Desemba

Siku njema. Karibu niiharibu, lakini nikaiokoa.

Baada ya ibada Wanza aliniambia baba yake amekubali kuniona. Jumamosi, nyumbani kwao Njiru. Miaka miwili nimeingoja habari hii. Kisha akanipa maonyo. Baba yake, Mzee Nyamai, alikuwa fundi wa ndege jeshini mpaka alipostaafu, na ndege aliyoihudumia karibu maisha yake yote ni ya kivita, F-5. Ana maneno machache. Mgeni asiye na la kusema humpa chai, kisha humfungulia geti.

Hapo ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia Wanza ni bahati iliyoje, kwa sababu mimi nina F-5 niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Mfano mdogo, sehemu moja ya ishirini, kila kitu kwa vipimo. Akauliza lini. Nikasema miaka minane iliyopita. Akauliza mbona hajawahi kuiona kwangu. Nikasema iko Othaya, kwa mama, juu ya kabati.

Wanza ana akili nyingi. Ndilo jambo ninalolipenda kwake, na ndilo ninaloliogopa. Alinitazama kidogo, akatoa simu, akampigia baba yake palepale kwenye geti la kanisa. Mzee amefurahi sana. Anaingoja ndege. Wanza akarudisha simu mkobani, akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Ndirangu, nikikushika na uongo hata mmoja mbele ya baba, usinipigie tena."

Nimemwelewa. Kwa hiyo sitasema uongo. Nitaitengeneza ndege, na kufikia Jumamosi uongo utakuwa umegeuka ukweli.

Jumatatu, 8 Desemba

Kuuza vifaa vya ujenzi kuna faida zake. Kipande cha bomba la plastiki kilichokatwa vibaya: mwili wa ndege. Kipande cha bati: mabawa. Chupa ya soda: kioo cha rubani. Pua ndiyo iliyonisumbua. Pua ya F-5 ni ndefu, inachongoka polepole, mtu hajui hasa imeishia wapi. Nikaingia jikoni kufikiri na nikaona mwiko wa Njoki. Mpini wake ulikuwa umechongoka hivyohivyo.

Njoki ni dada yangu mkubwa, tunakaa pamoja hapa mtaa wa Tena. Leo amesonga ugali kwa kijiko cha chai. Hanisemeshi.

Mteja mmoja dukani aliuliza kwa nini nisiangalie picha kwenye simu. Nilimhurumia. Picha ni za watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nikiwa na miaka saba baba alinipeleka kwenye maonyesho ya ndege. Watu walikuwa wengi na wote warefu. Sikuona kitu ila migongo na mikoba. Basi nikapita kati ya miguu, chini ya kamba, nikajikuta chini ya F-5. Nikalala chali.

Sijaona kitu kizuri kama lile tumbo. Vifuniko vya magurudumu vimefunguka, ndani mna mipira na mirija imepangwa kama mboga za mama mwenye kibanda safi. Breki mbili za hewa. Ndoano mkiani. Mistari ya misumari midogo imenyooka bila hata mmoja kukosea. Na karibu na gurudumu la kushoto, kiraka. Ukubwa wa daftari, rangi ya kijivu iliyofifia kuliko sehemu nyingine. Nikakigusa. Kilikuwa baridi. Baba akanivuta kwa miguu, akanichapa njia nzima mpaka Shauri Moyo tulikokuwa tukikaa. Sikusikia uchungu wowote.

Kwa hiyo sihitaji simu.

Jumanne, 9 Desemba

Tumbo limekwisha. Sijisifu, lakini ni zuri. Misumari yote nimeidonoa kwa sindano ya Njoki (nitairudisha). Nimeweka na kiraka. Njoki alivunja kimya chake kuniambia hapo rangi haijafanana, nipitishe tena. Nikakataa. Alisema watu watadhani rangi iliniishia. Nikasema wadhani. Kiraka kilikuwepo na kitakuwepo.

Tatizo la leo: gari. Siwezi kubeba F-5 kwa miguu kwenye barabara ya Kangundo. Mwenye gari ninayemfahamu ni mmoja, Mureithi wa ghorofa ya juu, mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani, shati limepigwa pasi hata akienda kununua mkate. Amewahi kumkaribisha Wanza chai mara mbili. Anasema ilikuwa ni mambo ya kwaya.

Nikabuni mpango. Atakuwa mmoja wa watu wangu wa kunisindikiza. Ataendesha, ataketi, atakula, atanyamaza. Nilimweleza hivyo kwa upole. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Akaomba kuiona ndege. Aliizunguka mara mbili, mkono kidevuni, akasema: "Iko sawa, bro. Iko sawa kabisa." Kwa mara ya kwanza nilimwona Mureithi kuwa mtu mwenye busara.

Jumatano, 10 Desemba

Leo sehemu ya juu. Nakiri kwamba sehemu ya juu sikuiona, kwa sababu nilikuwa chini. Lakini mtu mwenye akili huweza kufikia jambo kwa kufikiri. Kuna rubani. Rubani anaingia. Basi kuna mlango.

Nimeuweka ubavuni, nyuma kidogo ya kioo. Una bawaba mbili na kitasa. Unafunguka. Bawaba ni za sanduku la vipodozi la Njoki, na hilo hajaligundua bado. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi sana leo. Ndiyo sehemu bora ya ndege yote.

Jioni nilikumbuka jambo. Ndege hii ina umri wa miaka minane. Inanuka rangi mpya. Nikaining'iniza juu ya jiko la makaa ili ipate moshi na uzee. Njoki alikuwa anachemsha maharagwe. Nikatoka kuongea na mtu kidogo. Niliporudi maharagwe yalikuwa yameungua, na mkia wa F-5 umeinama kama wa mbwa aliyekemewa.

Nimeunyoosha kwa maji moto. Umenyooka, ila sasa unatazama upande. Njoki amegundua bawaba.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Jana sikuandika, nilikuwa napaka rangi upya.

Leo nilipanda juu ya paa la ploti tunakopanga, na Njoki (tumepatana, nimemnunulia mwiko). Ndege za jeshi zikapita. Kwanza hakuna kitu, mbingu tu na nguo za watu kwenye kamba. Kisha zikawa zimeshafika, zimeshapita, na sauti ikaja nyuma yake ikatikisa mabati yote ya Tena. Watoto waliziba masikio wakicheka. Mimi nililala chali. Ni kitu kidogo, F-5, ukilinganisha na ndege nyingine. Nyembamba. Haina kitu cha ziada. Wanadamu waliketi mahali fulani wakakubaliana kuondoa kila kisichohitajika, na kilichobaki ni hiki. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuandika hapa.

Pia nilikagua. Ndoano, iko. Breki za hewa, ziko. Kila kitu kiko mahali pake. Ndege yangu ni sahihi. Mlango sikuuona, lakini kwa mwendo ule nani angeuona?

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika polepole.

Tulifika Njiru na unga, sukari, mafuta ya kupikia na F-5 imefungwa kwa shuka. Njoki, Mureithi, mimi. Mama Wanza alitupokea vizuri. Mzee Nyamai alikuwa amevaa koti la suti na ameisafisha meza ndogo sebuleni, haikuwa na kitu juu yake ila kitambaa. Alikuwa ameiandalia ndege mahali pa kutua.

Nikafunua shuka. Mzee akavaa miwani. Mama Wanza akauliza kama kuna kitu kinaungua jikoni, maana anasikia harufu ya maharagwe. Njoki akakohoa.

Mzee akauliza niliitengeneza lini. Nikasema miaka minane iliyopita, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Akapitisha kidole kwenye bawa. Akakitazama kidole. Kilikuwa cha kijivu. Akatoa kitambaa cha mfukoni, akakifuta taratibu.

"Miaka minane," akasema, "na rangi bado haijakauka."

Nikasema Othaya kuna unyevu mwingi.

Mureithi, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamaza, akachagua dakika hiyo kutoa simu. Alikuwa na picha tayari. F-5 kutoka juu, kutoka ubavuni, rubani akipanda kwa ngazi, kifuniko cha kioo kimeinuliwa. Akaomba radhi kwa heshima nyingi, akasema labda yeye ndiye haelewi, lakini haoni mlango. Alikuwa nazo tangu Jumanne! Nilimsoma usoni.

Mzee akainama. Akashika kitasa kwa vidole viwili. Akafungua mlango. Akachungulia ndani ya bomba. Akaufunga.

"Rubani akiingilia hapa," akasema, "atakaa juu ya tangi la mafuta."

Wanza alisimama akaenda jikoni. Hakunitazama. Nilijua maana yake. Geti lilitajwa Jumapili iliyopita, na sasa nilikuwa nalisikia likifunguka. Nilifikiri juu ya uongo ambao ungenifaa. Mara zote huja wenyewe. Leo haukuja hata mmoja.

Mzee akaiinua ndege, nadhani ili anirudishie. Akaigeuza. Akasita. Akaisogeza dirishani, akaondoa miwani, akaivaa tena. Kidole chake kilienda kwenye ndoano, kikarudi kwenye breki, kikapita juu ya misumari, kikafika kwenye kiraka na hakikuondoka hapo.

Akaniuliza hiki nimekitoa wapi. Sauti haikuwa ile ya kwanza.

Nikamwambia. Sijui kwa nini, nilikuwa sijajiandaa. Nilimwambia kuhusu maonyesho, migongo ya watu, kamba, kulala chali, baridi ya lile bati, baba na miguu yangu. Nikamwambia sehemu ya juu sikuiona hata siku moja, nilikisia. Nikamwambia nilianza Jumatatu. Nikamwambia ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona, na nilichotaka ni yeye akione.

Mzee akaketi. Akasema kile kiraka alikiweka yeye. Bati la zamani lilikuwa limekatika, na ndege ikatakiwa haraka kwa maonyesho, basi rangi iliyokuwepo ndiyo aliyopaka. Mkubwa wake alimgombeza kwa sababu haikufanana. Akasema watu wote huuliza juu ya rubani, mwendo, kioo. Yeye miaka yote alikuwa chini, mgongo sakafuni, mafuta usoni. Tumbo lile lilikuwa ofisi yake. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia alikitazama kiraka chake.

"Hata huyu," akasema akimwonyesha mama Wanza, na mama Wanza akacheka, lakini alifuta macho kwa leso.

Wanza alikuwa amesimama mlangoni na chai. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alinipa kikombe mimi kwanza, kabla ya Mureithi. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

Tulikaa mpaka jua likapungua. Mzee alinionyesha kwa kidole, mrija kwa mrija, kila kilichomo ndani ya vile vyumba vya magurudumu. Kwenye geti alinishika mkono akasema nirudi na wazee wangu.

Mureithi aliendesha bila kusema neno. Hatimaye amejifunza kazi yake.

Jumapili, 14 Desemba

Wanza aliniambia baada ya ibada kwamba jana alikuwa ameshaamua kuniacha. Alichelewa kwa sababu maji ya chai hayakuwa yamechemka. Amesema kilichoniokoa ni yale maneno machache ya kweli, na kama ninataka kumuoa niyafanye kuwa mazoea. Aliyasema akinishika mkono, kwa hiyo sikuyasikiliza yote.

Mimi nimefikiri usiku kucha na nimefikia uamuzi. Kilichoniokoa ni mlango. Mzee asingeiinua ndege kama mlango haungemshtua. Asingeiinua, asingeigeuza. Ni hesabu rahisi. Wanza anasema baba yake ameung'oa kwa kisu na ameitundika F-5 darini juu ya kiti chake, tumbo likimtazama. Sawa. Mlango ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Mchana Mzee mwenyewe alinipigia. Heshima kubwa. Akauliza kama nimewahi kutengeneza ndege nyingine. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hapana. Nikasikia nikisema kwamba ipo helikopta ya jeshi, ya kipimo kilekile, ya miaka kumi iliyopita, iko Othaya juu ya kabati. Amefurahi mno. Niibebe Krismasi nitakapokuja na wazee.

Helikopta nimeziona mara nyingi zikipita juu ya Tena. Tumbo lake nalijua. Njoki amefungia mwiko mpya chumbani kwake, lakini hilo ni jambo dogo. Na safari hii Mureithi hana la kusema, kwa maana helikopta, hilo hata yeye analijua, ina mlango. Nitaweka minne.