Kabla Mate Hayajakauka

Jumatatu, 12 Januari

Hasina amenipa daftari hili. Amesema, mama, kila ukitaka kunipigia simu, andika kwanza. Ukimaliza kuandika na bado unataka, basi piga. Jana nilimpigia mara sita. Mara moja ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe nimeisahau. Mimi niliishia darasa la tatu. Kuandika kwangu ni pole pole, naye analijua hilo. Mtoto mjanja.

Anasomea umeme chuo cha ufundi. Mlangoni kwangu nikisimama naliona tangi la maji la chuo. Alikuwa akilala hapa hapa, hadi kocha wa mbio za nyika, Kocha Thoya, alipotaka wakimbiaji wote wahamie bwenini ili waamke pamoja alfajiri. Tangu hapo natazama tangi. Wali bado napika wa watu wawili, mkono umezoea. Sahani yake naifunika kwa kawa, asubuhi naila mimi. Nanenepa kwa ajili ya mtu anayekimbia.

Alipokuwa mdogo nikimtuma chumvi dukani nilikuwa nikitema mate chini. Rudi kabla hayajakauka, na usimpite mtu mzima bila kumwamkia. Alirudi mate bado mabichi.

Leo jirani yangu Biasha amekuja kuazima ungo. Hakuwa na haja ya ungo. Alitaka kunipasha kwamba Jumamosi kuna mashindano ya vyuo, na wasichana watatu wa kwanza watapelekwa kambini bara, upande wa Eldoret, miezi mitatu. Binti yake Mapenzi hawezi kukosa, akasema. Hasina je? Nikamjibu kwamba Hasina ndiye atakayemtangulia Mapenzi. Biasha akaenda zake bila ungo. Mimi nikakalia mbuzi ya nazi, bila nazi.

Miezi mitatu. Huko hata mnazi hakuna.

Hasina asishinde. Wazo limekuja lenyewe, Mungu anisamehe.

Jumanne, 13 Januari

Hila ya kwanza: chakula. Aliyeshiba hakimbii. Nikapika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa sinia, nikajitwika hadi langoni kwa chuo.

Hasina alikula matonge matatu. Akasema mama, jioni tuna mazoezi. Ila kidole alikilamba. Nilikiona.

Chakula kilichobaki kililiwa na timu nzima. Mapenzi wa Biasha aliomba ukoko. Kocha Thoya akanishukuru kwa heshima zote, akasema watoto walikuwa wameishiwa nguvu kwa maharage ya kila siku, mama umetuokoa. Akauliza kama Alhamisi nitaweza tena.

Nilisema nitaweza. Ningesema nini?

Jumatano, 14 Januari

Hila ya pili: ugonjwa. Nilimwandikia Hasina kwenye simu kwamba mama yako hajiwezi. Nikalala na kitambaa cha maji kichwani. Nikakumbuka nazi sijaikuna. Nikaamka niikune upesi nirudi kulala.

Nusu ya kwanza sijaimaliza, Hasina yuko mlangoni, anahema. Alinikuta juu ya mbuzi, naimba.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunywa maji ya mtungi akiwa amesimama, akaninusa shingoni kama alivyokuwa akifanya zamani, akarudi mbio. Dakika kumi alikaa. Kata aliyonywea nimeiacha pale pale.

Jioni Biasha akaniletea habari juu ya ukuta, uso umemchacha. Kocha alimwekea Hasina saa. Kutoka chuoni hadi kwangu, dakika nane. Hajawahi kwenda kasi hiyo. Sasa kocha akitaja majina anaanzia kwake.

Kila ninalolifanya linampeleka bara.

Alhamisi, 15 Januari

Nilipika tena, ahadi ni deni. Kocha Thoya alikula akinieleza njia ya mbio kwa kijiti mchangani. Zitatoka uwanjani, zikate mashamba ya mihogo, zipite minazini nyuma ya nyumba yangu, zirudi chuoni.

Nyuma ya nyumba yangu.

Nilirudi na sufuria tupu na kichwa kimejaa.

Ijumaa, 16 Januari

Hila ya tatu. Hii haina kasoro.

Mtoto aliyelelewa hampiti mtu mzima bila shikamoo. Na shikamoo haiendi peke yake. Hujambo, mama hajambo, masomo yaendaje, ukifika nisalimie. Mzee mmoja ni dakika nzima. Wazee saba je?

Baada ya sala nimezunguka kwa akina bibi saba. Nimewaambia kesho watoto wa chuo wanapita, nao ni uzuri wakiona nyuso za watu wao njiani. Kila mmoja chai na bajia. Mkubwa wao ni Bi Mwanarusi, ambaye salamu yake huanzia kwa babu wa babu yako. Yeye nimemweka penye kona, pembamba, pasipokwepeka. Mimi nitakaa wa mwisho.

Mapenzi wa Biasha naye atapita hapo hapo. Hilo sikulifikiria sana.

Jumamosi, 17 Januari

Tulikaa njiani, bibi saba na mimi wa mwisho.

Wa kwanza alikuwa msichana wa chuo cha mbali. Kapita bila neno, macho mbele. Bibi wote saba wakasema astaghfirullahi.

Wa pili, Mapenzi. Akasimama. Akainama kwa kila mmoja, mkono kwa mkono. Bi Mwanarusi alimuuliza mguu wa babu yake, naye akamweleza ulipoanzia kuvimba. Biasha alikuwa ng'ambo ya njia amejishika kichwa. Atasemaje? Amwambie mtoto asiwaamkie wazee?

Wa tatu nilimsikia kabla sijamwona. Shikamoo Bi Mwanarusi. Shikamoo Bi Mwanakombo. Shikamoo Bi Kahaso. Kila bibi kwa jina lake, mkono kifuani, na mguu haukukatika. Marahaba saba zikabaki zinamfukuza kwa nyuma.

Nani amemfundisha kuamkia huku anakimbia? Nikakumbuka chumvi. Nikakumbuka mate.

Akanifikia mimi. Akasimama.

Bibi saba hawakumsimamisha, mimi nikamsimamisha. Akanishika mkono akaubusu, akasema shikamoo mama. Maswali nilikuwa nimeyapanga kumi na mawili. Msichana mwenye soksi za njano akatupita. Nyuma nikasikia miguu mingine inakuja. Hasina akanitazama tu, angojea nimwambie nenda au nimwambie kaa. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Angekaa. Wallahi angekaa.

Nikatema mate chini.

Alicheka, nikaona meno yote, akapotea.

Amekuwa wa tatu. Wa nne alikuwa hatua mbili nyuma. Mapenzi, wa kumi na tisa.

Jumapili, 18 Januari

Biasha hasemi nami. Amerudi kuchukua ule ungo na hakutoa hata salamu, yeye aliyemlea bingwa wa salamu. Ana haki. Nimempelekea bajia, zimerudi na sahani.

Nimeapa mbele ya mtungi: hila basi. Mtoto ana njia yake.

Jumanne, 20 Januari

Ameondoka leo asubuhi. Nimemfungia sweta, mkate wa sinia na nazi mbili. Alisema bara watu wanauza nazi. Nikamwambia si hizi.

Alipofika kizingitini nikatema mate mchangani. Akasema mama, ni miezi mitatu. Nikasema najua. Sikulia mpaka alipopinda penye duka.

Lakini jua la Januari ni jua. Gari lisingefika hata Kona ya Musa, mate yangekuwa yamekauka. Nimeyafunika kwa kawa ya sahani yake. Kila nikipita nadondosha maji kidogo.

Kocha Thoya atawafuata Ijumaa. Nimesikia kambi inatafuta mpishi. Kumwomba mwenyewe naona haya, basi nimewaomba bibi saba wakae njiani kesho anapopita. Kila mmoja atamuuliza hali yake, hali ya mama yake, kisha hali ya chakula cha kambini. Bi Mwanarusi penye kona.

Kunde za bajia nimeshaloweka. Kocha Thoya ni mtu wa adabu. Atasimama.