Jogoo Wangu na Kobe wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Jogoo amekamilika! Mbao tupu. Hakuna gundi, hakuna msumari. Leza inakata kwa mwale wa mwanga, vipande vinashikana vyenyewe, ulimi ndani ya tundu, tak! Ukizungusha mkono ulio ubavuni, gia zinageuka, mabawa yanapiga, mdomo unafunguka. Mke wangu kajaribu, kasema mkono ni mgumu, umemwachia alama kiganjani. Nimemweleza kuwa ugumu ndio ubora. Kasema haya, kaenda kuanua nguo.

Jumamosi mwenye duka la vitu vya watoto anakuja karakana kuchagua sanamu moja ya kuiweka kwenye kioo cha duka lake na kuiuza kote. Moja tu. Niliacha kazi ya kuchora makabati ya jikoni kwa ajili ya siku kama hiyo. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Hulaumu kwa sufuria.

Tatizo ni shemeji. Mdogo wake mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika kipanya cha kompyuta. Naye ana sanamu. Kobe! Eti ukisokota utepe wa mpira ulio tumboni, anatembea. Mke wangu kamwona mara moja tu, kasema anapendeza.

Jogoo wangu, mgumu.

Jumanne, 4 Juni

Karakana. Mimi na shemeji tunatumia mashine moja ya leza, ya dada mmoja fundi, na kompyuta yake moja, kwa zamu. Shemeji kamtazama jogoo wangu, kasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wote wakacheka. Hata Mhandisi! Mhandisi si mhandisi. Anakata vibao vya namba za nyumba. Lakini huweka kalamu tatu mfukoni na watu wakaamini.

Kisha shemeji kanivuta pembeni, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, kanishauri nipake nta kwenye gia, zinabana. Nta! Mimi! Nikamjibu kobe wake apake viatu vyake hiyo nta. Nikageuka nione nani anacheka. Hakuna.

Yeye kobe wake humfunika kitambaa siku nzima. Hataki tumwone akitembea. Majivuno haya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya.

Fundi wa leza alitoka kwenda kula. Faili la kobe lilikuwa wazi kwenye kompyuta, kama mlango unaoniita kwa jina. Nikayapanua matundu yote yanayoshika ekseli, vile vijiti vinavyozungusha miguu. Kidogo tu, unene wa unywele. Mwale wa leza nao hula mbao yake. Ukiongeza unywele juu ya hapo, ekseli zitapwaya, miguu itachezacheza, kobe atasambaratika mbele ya mwenye duka.

Nilikwenda tundu kwa tundu. Mawili yalikuwa yamekaa upande, nikayarudisha katikati. Hujuma ni hujuma, lakini siwezi kuvumilia tundu lililokaa upande.

Mhandisi akaingia nikiwa namalizia. Akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta kipanya. Nilikuwa nimekishika.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kakata upya vipande vyote vya kobe leo, kobe wa kesho, kwa faili lile lile. Nilimwangalia akivibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikamtakia heri. Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Mke wangu kasema nimjaribu jogoo mara nyingine, aone kama mkono umelainika. Nikamwambia mwenye kujiamini hajaribu mara mbili. Sufuria ikapigwa.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwenye duka ni mama mpole, miwani mnyororoni, kikombe cha chai mkononi. Nikawahi kumkabidhi jogoo. Akazungusha. Hola, hakuna kilichosogea. Akaweka kikombe chini, akazungusha kwa nguvu. Nikasikia tak, si ile tak ya kushikana. Shingo ikavunjika. Kichwa kikaruka, kikatua ndani ya chai yake, mdomo juu. Wala hakukasirika. Akakitoa kwa kijiko, akanirudishia. Afadhali angenizaba kofi.

Nikajipa moyo, nikasubiri kobe asambaratike.

Shemeji akafunua kitambaa. Akasokota mpira, akamweka mezani, akafumba macho. Kobe akatembea. Akavuka meza yote, taratibu, shingo ikiingia na kutoka, asipwaye, asikwame. Fundi wa leza ilibidi amdake ukingoni. Watu wakapiga makofi, mwenye duka akasema amemchagua huyo. Mke wangu alikuwa analia! Siku ya arusi yetu hakulia.

Hapo ndipo shemeji akasema yote. Kwamba tangu mwanzo kobe wake hajawahi kupiga zaidi ya hatua mbili, na huyu aliyekatwa jana hakuthubutu hata kumjaribu. Ekseli zilikuwa zinabana. Kitambaa kilikuwa cha kuficha aibu. Wiki nzima hakula, alikuja leo kuaibika tu, basi. Fundi wa leza akasema aliona faili limeguswa, matundu yote yamepanuliwa kwa kipimo kile kile. Akasema aliyefanya vile ana mkono wa dhahabu.

Mkono wa dhahabu! Ni mimi! Nikafungua mdomo. Halafu nikafikiria swali litakalofuata: ulikuwa unafanya nini kwenye faili la shemeji yako? Nikafunga.

Shemeji akauliza, ni nani jamani, nimshukuru? Mhandisi akashusha macho, akakohoa kidogo, akasema kusaidiana ni jambo la kawaida.

Jumapili, 9 Juni

Mhandisi kaalikwa na shemeji chakula cha mchana, kwa shukrani. Kwangu! Kakaa kwenye kiti changu, kanipa mawaidha kuhusu unene wa unywele. Binti yangu kashinda sakafuni akimfuata kwa magoti kobe aliyeletwa na shemeji. Nilimpa jogoo, nimeshamkatia shingo mpya. Kazungusha mara moja, kamrudisha kwa adabu, kama anavyorudisha sahani ya mboga.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji kaja asubuhi, peke yake. Duka linataka mnyama wa pili, twiga. Mhandisi kaombwa msaada, kaangalia mchoro kwa muda mrefu, kasema ana safari. Basi shemeji kaniomba mimi. Kasema nilimfundisha yote anayoyajua, na haipendezi kobe awe dukani mimi niko nyumbani. Kasema nikiyapitia matundu ya twiga kwa jicho langu, boksi litaandikwa majina yetu sote wawili. Mke wangu alikuwa mlangoni. Sufuria aliyoishika ilikaa chini polepole, kama yai.

Nikamkumbatia shemeji. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwema kabisa.

Kisha akanionyesha boksi lenyewe. Jina lake juu. Langu chini. Na kwa herufi ndogo!

Sasa niko karakana. Fundi wa leza katoka kwenda kula. Nimekaa nikafikiri kwa makini, kwa sababu mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake. Kosa langu lilikuwa kulegeza. Safari hii, matundu ya twiga, nabana. Nimeshamaliza shingo, naingia miguuni.