Dishi Langu na Safari ya Zebaki

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa tunakwenda Zebaki, ile sayari iliyo karibu kabisa na jua! Yaani kinakwenda chombo, roboti tupu, hakuna mtu ndani. Lakini kikisharushwa huko ng'ambo, kituo chetu cha mawasiliano ya anga ndicho kitakachosikia sauti yake ya kwanza. Nasema chetu kwa sababu mimi ndiye mpaka rangi wa kituo, mwaka wa nane sasa. Geti, mabomba, mistari ya kuegesha magari, vyote mkono wangu.

Nimemweleza mama mkwe, ambaye yupo kwetu akitibiwa goti. Mwalimu mstaafu wa jiografia. Akaniuliza mimi hasa nafanya nini kwenye safari hiyo. Nikasema nasimamia mwonekano. Akaguna, akaendelea na chai yake. Miaka kumi na moja nimemuoa bintiye, na bado ananiita "yule bwana". Sasa, Ijumaa familia zimealikwa kituoni. Atakuja. Ijumaa ataniita mkwe, au mimi si mwanamume!

Jumanne, 5 Machi

Fundi umeme amefunga taa mpya getini, kisa watu wa televisheni wanakuja. Anajipitishapitisha chini yake mchana kweupe, taa imewaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na mimi nimepewa kazi gani? Mhandisi mkuu, mama mkali asiyecheka, ameniagiza nioshe dishi dogo la akiba lililo karibu na geti. Nioshe tu, akasisitiza, nisiguse kitu kingine. Kuosha! Dishi lenyewe jeupe limefifia kama ukuta wa chokaa. Mama mkwe alione hivyohivyo? Thubutu! Stoo kuna makopo mawili ya rangi ya fedha, ile ya kung'aa. Nimeyatikisa. Yamejaa.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imekwisha! Wakubwa walikuwa mkutanoni tangu asubuhi. Nikapaka mara mbili. Lo, linameta! Nilijiona humo ndani, kichwa chini miguu juu, nimependeza. Fundi umeme akapita, akauliza kama nimeruhusiwa. Wivu huo. Nikamwambia akaangalie taa yake.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi chombo kiliruka salama, tukakiona kwenye skrini kubwa uwanjani. Mama mkwe kaketi safu ya mbele, mkoba mapajani. Saa nne madishi yakageuzwa kukisubiri. La kwangu nalo likageuka, likalielekea jua uso kwa uso. Dakika tatu hazikupita, moshi! Kile kikopo kinachokaa mbele ya dishi, kinachonasa mawimbi, kilikuwa kinayeyuka kama mshumaa. Fundi umeme akaja mbio na ndoo ya mchanga, kamera zinamfuata. Mhandisi mkuu akauliza nani amepaka. Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo mama mkwe akainuka na goti lake bovu, akaomba ruhusa ya kusema. Kwa sauti ya darasani akaeleza kwamba kitu chenye umbo la bakuli kiking'aa hukusanya joto la jua mahali pamoja, ndiyo maana madishi hupakwa nyeupe isiyong'aa. Akasema huko Zebaki jua ni kali mara kadhaa zaidi ya hapa, na chombo kile kimevikwa ngao kwa sababu hiyo. Tumshukuru mkwe wangu, akasema, ametuonjesha kidogo tu.

Mkwe wangu! Mbele ya kamera!

Muda si mrefu dishi kubwa likanasa sauti ya chombo. Uwanja mzima shangwe. Machozi yalinitoka, sikuona haya. Kitu kidogo vile, peke yake huko juu, na sisi ndio wa kwanza kukisikia! Hata mhandisi mkuu alicheka, kisha akaninyang'anya funguo za stoo.

Jumapili, 10 Machi

Nimesimamishwa kazi mwezi mmoja. Mama mkwe, yeye, kituo kimemwomba azungumze na wanafunzi. Ameniambia, huku anapiga pasi gauni lake, kwamba ule ulikuwa ujinga mkubwa kuliko wote aliowahi kuushuhudia, na kwamba katika miaka thelathini na tano ya kufundisha hakupata mfano mzuri kama ule. Nimezingatia sehemu ya pili.

Amenifundisha pia kwamba chombo hakiendi moja kwa moja. Kitazunguka jua kwanza, mwakani kirudi kupita karibu na dunia, mvuto wake ukigeuze njia, ndipo kielekee Zebaki. Kumbe kinarudi! Na kina kamera! Mgeni uliyemsindikiza mwenyewe anapita tena kwako, unamwacha aone paa lenye kutu?

Jioni nimelipima paa la kituo kwa macho, kutoka nje ya uzio. Nyekundu. Makopo arobaini yatatosha. Mhandisi mkuu tutamweleza likishakauka.