Safari ya Kikazi kwa Mama

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga simu nikiwa zizini, mkono mmoja ndani ya ng'ombe. Mama hali chakula tangu Jumamosi, na ananiulizia. Baba ameacha cherehani yake, anashinda naye. Nimesema nitakuja. Akauliza lini. Nikasema ngoja nipange. Akakata simu. Dada yangu akikata bila kuaga, ujue kasema mengi.

Hapa mimi ni mtaalamu wa kigeni. Kibali kinasema hivyo: daktari wa mifugo, chini ya mkataba wa biashara kati ya nchi hii na kwetu. Kinaisha mwisho wa mwezi. Kampuni ya maziwa itaniombea kingine, ikitaka. Ikitaka! Na yupo daktari mwenzangu, mzawa, tunamwita Tai kwa sababu haivui tai yake shingoni hata akizalisha ndama. Nikiondoka wiki moja tu, nitamkuta kakalia kiti changu.

Jumatano, 5 Machi

Afisa utumishi kasema jambo ni jepesi: niandike mama mgonjwa, asaini, jioni niwe kwenye basi. Nimemshukuru. Sikuandika. Mgeni mwenye matatizo ya nyumbani, nani atamwongezea kibali?

Tai naye kaja mezani kwangu. Niende tu, atashika zamu zangu zote. Zote! Huyo ana lake. Nimemwambia mama ana mafua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Mkataba unamruhusu mtaalamu kuvuka mpaka kwa kazi ya mwajiri bila kugusa likizo. Kwa hiyo siendi kwa mama. Naenda kikazi, kwa mama nitapitia tu. Nimemshauri bosi tupeleke sampuli za maziwa kwenye maabara ya kwetu, ili tukianza kuuza kule tuwe na majibu mkononi. Bosi kafurahi hadi kasimama. Kaniita mtu wa maono, mbele ya wote! Tai akapiga makofi. Niliyachunguza. Hayakuwa ya dhati.

Barua ya safari itakuwa tayari Jumatatu. Dada alipiga mara mbili. Ya pili sikupokea, nilikuwa nachagua chupa za sampuli.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ina mihuri mitatu. Niliomba wa nne, wakakataa. Sampuli ishirini na nne ndani ya kasha la barafu.

Nimeongea na mama. Sauti imekuwa ndogo, kama anaongea kutoka chumba cha pili. Akauliza kama nimekula. Yeye! Nikamwambia kesho mchana nitakaa kando yake. Akasema, "Njoo tu, mwanangu. Usijisumbue na mizigo."

Jumanne, 11 Machi. Mpakani

Ofisa wa uhamiaji kasoma barua, kaniita daktari. Dakika nne! Natamani Tai angeona.

Ofisa wa mifugo akataka cheti cha afya cha maziwa. Cheti gani tena? Akaeleza kwa upole: mkataba unanihusu mimi, maziwa yana utaratibu wake. Nikaomba kasha libaki, mimi nipite. Haiwezekani. Barua inasema mtaalamu anasindikiza sampuli. Sampuli zikizuiwa, msindikizaji anasubiri. Nikamwambia kweli yote: mama yangu ni mgonjwa, ni mwendo wa saa tatu tu kutoka hapa. Akaichukua barua, akaisoma upya mstari kwa mstari, akimtafuta mama. Hakumwona.

Nimempigia bosi. Nimeketi kwenye benchi la chuma. Barafu inanichuruzikia viatuni.

Jumatano, 12 Machi

Mama amefariki saa moja asubuhi. Dada alipiga saa mbili na robo. Nilikuwa benchi lile lile.

Saa nne cheti kikafika. Tai alikifuatilia idara ya mifugo jana yote, kisha kakileta mwenyewe kwa pikipiki, tai imejaa vumbi. Hakuuliza habari za mafua. Alinishika bega, akalichukua kasha, akasema atalifikisha yeye maabara. Nikapanda basi la nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Tumemzika. Baba alikataa kiti, akasimama mpaka mwisho. Dada hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo niliposhindwa. Kasema usiku wa mwisho mama aliomba mlango usifungwe, nisije nikagonga wasisikie.

Nimeingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Jumatano, 19 Machi

Afisa utumishi kapiga kutoa pole. Nichukue mwezi mzima. Kibali kipya waliniombea tangu Februari. Tangu Februari!

Baba hasemi sana. Jana tu, bila kunitazama: "Kaa kidogo hapa. Hata huo mwezi."

Lakini mwezi ni nini? Mwenye akili hutazama mbali. Nimeupitia mkataba upya, na kwenye orodha ya wataalamu wamo wabunifu wa mavazi! Baba ameshona sare za shule miaka arobaini. Nimwandikie wasifu wa maana, avuke kama mtaalamu, tuishi wote kule. Bosi nitamwambia wafanyakazi wa zizini wanahitaji vazi maalumu. Dada kauliza kwa nini nisikae tu kama mzee alivyoomba. Hana upeo, maskini.

Leo nimemsimamisha baba ukutani nimpige picha ya pasipoti. Akauliza kama nitakuwepo walau hadi Jumapili. Nikamwambia asiongee, mdomo unatikisika, picha itakataliwa.