Kuhusu Kuachwa Gatini kwa Mume wa Kwanza wa Bibi Harusi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kumuaga Bibi Harusi,
Saluni ya pale kona, kiti cha pili kutoka dirishani.

Mjukuu wangu Mwenyekiti,

Shikamoo yangu naidai, maana jana umepita hapa mlangoni na makaratasi yako kwapani, hukunipa. Lakini silo lililonifanya nishike kalamu. Hilo nimelisamehe nusu. Nusu iliyobaki nitaisamehe ukimaliza kusoma.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo linalolalamika, nalo nimeliambia lingoje zamu yake, leo nalalamika mimi.

Nimesikia, tena kwa masikio yangu haya, kwa sababu vikao vyenu mnafanyia sebuleni kwangu na mimi mnanihamishia jikoni, kwamba Jumamosi mnamchukua mjukuu wangu mkamfanyie sherehe ya kuaga usichana ndani ya boti ya kifahari. Boti mmeikodi nzima, peke yenu, ina vitanda, ina jokofu, ina ngazi ya kushukia majini kama vile bahari ni chumba cha chini. Nimesikia pia kanuni ya kwanza mliyoipitisha kwa makofi: mwanamume yeyote asikanyage. Nikauliza kupitia tundu la mlango, "Hata mimi?" Ukajibu, "Hasa wewe, Babu."

Hasa wewe! Chai yangu niliinywa baridi siku ile. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Huyo bibi harusi ni mke wangu. Usicheke. Tangu ana miaka minne, alipoletwa kwangu na begi la nguo na mdoli mwenye mguu mmoja, mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu mzee, na mtaa mzima unajua. Ananikata kucha. Ananigombeza nikivaa soksi zisizofanana. Ananificha sukari. Kama huyo si mke, mke ni nani? Huyo fundi miwani anayemuoa nimemkubali, ana adabu, na ana masikio ya kutosha kusikilizia. Lakini talaka sijatoa. Mnamuagaje mke wa mtu na mwenyewe hayupo? Hata duka likifungwa, mwenye duka huitwa ashuhudie.

2. Mmesema hakuna mwanamume. Vizuri. Nahodha je? Nimekwenda gatini kuuliza: mwanamume, ndevu mpaka kifuani. Fundi wa injini? Mwanamume. Yule mpiga muziki? Mwanamume, tena kijana, tena nasikia ana misuli. Kwa hiyo wanaume watatu msiowajua hata majina wanapanda, na mimi mnayenijua mpaka namba ya kiatu nabaki. Nina miaka sabini na tisa, Mwenyekiti. Uanaume wangu umebaki kwenye kitambulisho tu.

3. Mimi na boti hiyo tunajuana. Miaka arobaini nimepaka rangi vyombo pale gatini, na hiyo yenu nimeipaka tumbo mara sita. Nahodha anaijua juu. Mimi naijua kule chini ambako hata waliomuuzia hawajawahi kupaona. Nani mwingine katika kamati yenu amewahi kupaka rangi meli inayotembea? Mimi nimepaka. Nilianza upande wa nyuma imefungwa kamba, nahodha akasahau kwamba nimening'inia nje, akang'oa nanga. Nafika mbele, tuko nchi nyingine. Nikawapakia rangi na gati lao. Njiani wimbi lilinipiga kibao, nami nikalipaka. Wiki ya pili lilirudi, jekundu vilevile. Mashahidi walikuwepo, bahati mbaya wote wameshafariki. Sasa boti ikitoboka, ninyi mtaziba na nini? Kucha za bandia?

4. Hapa ndipo moyo uliponiuma. Boti inabeba abiria kumi na wawili, na ninyi pamoja na bibi harusi mko kumi na mmoja. Niliposikia hivyo nilianza kung'arisha viatu. Kumbe nafasi ya kumi na mbili mmeipa keki! Keki ya ghorofa tatu, imepewa kiti chake, na nasikia imeandikiwa mpaka jaketi la kujiokolea. Mwenyekiti, keki ikianguka majini nani atalia, zaidi ya mwokaji? Mimi nina kilo arobaini na tisa pamoja na bakora. Na nikuulize, kati yangu na hiyo keki, nani alimfundisha bibi harusi kuogelea? Ni mimi, kwenye beseni kubwa la kufulia, yeye ndani, mimi nje nikitoa maelekezo.

5. Mmepanga mchezo wa kumuuliza maswali ya maisha yake, akikosea anamwagiwa maji. Majibu sahihi anayo nani? Nani anajua jino lake la kwanza lilivunjikia kwenye kitasa cha mlango? Nani anajua darasa la tano barua ya mapenzi alimwandikia nani? (Mwalimu wa hesabu. Tarishi nilikuwa mimi, na njiani niliisoma.) Bila mimi mtamlowesha mtu asiye na kosa, na hiyo ni dhuluma.

6. Hili si lalamiko, ni la pembeni tu. Ijumaa yuko kwa fundi cherehani. Jumapili ni harusi, na siku ya harusi bibi harusi ni mali ya wapiga picha. Jumatatu alfajiri anahamia kwa mumewe, safari ya siku mbili. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa mkono wa pili: siku ya kukaa naye imebaki Jumamosi tu. Ninyi mmeichukua yote, asubuhi mpaka jioni, mkaitia majini. Basi. Turudi kwenye keki.

Mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Naomba mchague mojawapo. Kwanza, nikae mimi kwenye kiti, keki niipakate. Sitaila, nitailinda tu, na ikipungua ni upepo. Pili, kama kanuni lazima isimame, mnitangaze mwanamke kwa siku moja. Gauni la jirani yangu muuza maziwa nimeshalijaribu. Kasema limenikaa kuliko linavyomkaa yeye, na tangu hapo haniuzii maziwa. Tatu, niandikwe kwenye orodha ya vifaa, baina ya jokofu na spika. Kifaa hakina jinsia. Nne, yote hayo yakishindikana, nifungeni kwenye boya mniburute nyuma. Nitapunga mkono kwa heshima, na mnayofanya sitayaangalia, isipokuwa wakati wa kukata keki.

Mkikataa yote manne, Jumapili mfungisha ndoa atauliza nani ana pingamizi. Mimi nitakuwa kiti cha mbele. Sisemi nitafanya nini. Nasema tu nitakuwa kiti cha mbele.

Wasalimie wanakamati wote, msalimie mama yako, wasalimie na wateja wako waliokaa chini ya mashine ya kukausha nywele wakidhani husomi barua kazini. Hata keki isalimie. Yenyewe haina kosa, imeponzwa.

Ni mimi, mume mwenye subira kuliko wote pale gatini,
Babu Mpaka Rangi.

Nyongeza: Mwenyekiti, kama bado hujaisoma barua hii, usiisome. Nilimpa bibi harusi mwenyewe anirekebishie herufi, maana shule mimi nimeingia siku moja tu, kupaka rangi ukuta. Akasoma huku anacheka. Alipofika namba sita akairudia kuisoma. Akakunja karatasi, akasema, "Mume wangu mzee, boti basi. Jumamosi nitakaa hapa na wewe. Wenzangu wakitaka, waje sebuleni." Akaanza kutafuta viatu aende kumwambia nahodha.

Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kama dakika mbili. Halafu nikamtazama. Ana miaka ishirini na sita, hajawahi kwenda popote kustarehe, kwa sababu kila likizo kulikuwa na mzee wa kumpikia. Na wewe unajua, nyumba hii ina choo kimoja. Nikasimama mlangoni na bakora, nikamwambia nahodha haendewi leo, wala kesho. Akabisha. Nikabisha. Mwisho akakaa jikoni karibu yangu, tukavuta ungo.

Kwa hiyo mchukueni Jumamosi, mchukueni mapema, na mkiona anageuka kuangalia nyuma, ongezeni muziki. Sina tena dai lolote. Siku yangu nimeshapewa, ilikuwa leo: tumechambua maharage tangu saa nne mpaka tukawasha taa, na hayakuwa na jiwe hata moja.